Riwaya za kubeba ukipita Nyamwage

Ukishajulikana kuwa unaandika gazetini, watu wanaamini umesoma kila kitabu kilichochapwa chini ya jua. Kwa hiyo swali hili nakutana nalo sana: "Bwana mwandishi, hebu nipe riwaya kali nisome." Ukitaka kumaliza haraka unamtajia mtu Willy Gamba wa Elvis Musiba, Joram Kiango wa Ben Mtobwa na Rosa Mistika ya Kezilahabi, halafu mnaagana kwa furaha. Hakuna ubaya. Lakini mimi siku hizi namuuliza kwanza mwenzangu: unasafiri lini, na unaelekea wapi? Riwaya ni kama chakula bwana. Ukiila ilikopikwa inakuwa na ladha nyingine kabisa.

Basi leo nachagua mahali, halafu naweka vitabu juu yake. Mahali penyewe ni Nyamwage.

Najua wengine mmeshaanza kukuna kichwa. Nyamwage? Ndiyo, Nyamwage. Ukitoka Dar kwa Barabara ya Kilwa unapita Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na huko ng'ambo ya mto, penye njia ya kuchepuka kwenda Utete, ndiko Nyamwage iliko. Wengi wetu tunapita hapo tumelala mdomo wazi ndani ya basi la Lindi au Mtwara. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003 usingeweza kulala. Ulisubiri pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea ulisubiri mpaka ukafahamiana na kuku wa wenyeji. Daraja lina urefu wa karibu mita 970, unalimaliza kwa dakika moja. Pamoja na dakika hiyo tunakuwa tumeruka historia ya zaidi ya miaka mia moja.

Hoja yangu ni hii: kipande hiki kati ya Rufiji na Kilwa kimeandikwa kwenye riwaya kuliko tunavyodhani, lakini sura moja nzito ya maisha ya watu wake sijaiona kwenye rafu, na muda wa kuiandika unakwisha. Twende taratibu, kwa mpangilio wa miaka.

Anza na Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza inaitwa Paradise, ilitoka mwaka 1994 na ikaingia fainali za tuzo ya Booker mwaka huohuo. Gurnah alipopata Nobel mwaka 2021 tulipiga makofi sana, tukabishana sana kama ni Mtanzania au Mwingereza, lakini waliomsoma walihesabika kwa vidole. Sasa hakuna kisingizio. Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili na Mkuki na Nyota wakaichapa mwaka 2022. Ni habari ya Yusuf, kijana anayechukuliwa na tajiri kwa sababu baba yake ana deni. Anapelekwa pwani, halafu anaingia bara na msafara wa biashara, huku Wajerumani wakizidi kukaza kamba. Haitaji Nyamwage, lakini inakupa kitu ambacho kitabu cha historia cha kidato cha tatu hakikupi: jinsi dunia ya pwani ilivyokuwa na uonevu wake yenyewe kabla mkoloni hajaleta wa kwake. Gurnah hampambi mtu. Ukimaliza hutasema tena kwamba zamani kila kitu kilikuwa shwari.

Sasa mwaka 1905. Hapa niko kwenye ardhi yenyewe. Kinjikitile Ngwale, aliyejulikana kama Bokero, aliishi Ngarambe, upande huuhuu wa kusini mwa Rufiji. Kuanzia mwaka 1904 watu walimwendea kwa makundi kuchukua maji ya dawa, na habari ikasambaa kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila, kutoka sikio hadi sikio, chini ya pua za maakida. Chanzo tunakijua: kodi, mashamba ya pamba ya kulazimishwa, na viboko. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa mipamba, na moto ukawaka. Bokero mwenyewe hakuiona vita ikikua. Wajerumani walimkamata wakamnyonga pale Mohoro, ambayo leo tunaiita Muhoro, tarehe 4 Agosti 1905. Muhoro ni jirani na Nyamwage! Vita ambayo ilifika mpaka Songea na Mahenge, na ambayo wanahistoria wamekadiria iliua kati ya watu 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya chakula kuchomwa, mtu wake wa kwanza alinyongwa hapo ambapo basi letu linapita kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa.

Kwa habari hii wengi mnakimbilia Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Sawa, isomeni tena, hasa kama mara ya mwisho mliisoma kwa ajili ya mtihani tu. Lakini ile ni tamthilia na leo nazungumzia riwaya. Kwa hiyo namtaja M. G. Vassanji na kitabu chake cha mwaka 2012, The Magic of Saida. Vassanji alizaliwa Nairobi, akakulia Dar, na anaishi Kanada. Katika riwaya hii daktari mmoja, Kamal Punja, anarudi Kilwa baada ya miaka mingi ya Kanada kumtafuta Saida, msichana wa utotoni mwake. Baba yake Kamal ni Mhindi aliyeondoka, mama yake ni Mwafrika. Babu yake Saida ni mshairi, Mzee Omari, anayetunga utenzi juu ya kuja kwa Wajerumani.

Ninachokipendea kitabu hiki ni kwamba hakiishii kwa shujaa na adui. Kinauliza swali ambalo sisi hatupendi kuuliza: yule aliyebaki hai alibakije? Aliyekuwa na kalamu wakati wenzake wana mikuki, kalamu yake ilimtumikia nani? Sisemi zaidi, msije mkanilaani kwamba nimewaharibia utamu. Ila nawaambia, kuna siri ya kaka na mdogo mtu humo ndani ambayo itawakalisha kitako.

Nilikuwa nakisoma kitabu hicho ndani ya basi safari moja ya kazi, jirani yangu wa kiti akiwa mzee aliyepandia Ikwiriri. Akatazama jalada, akaniuliza, "Mjukuu wangu, hicho kinazungumzia nini?" Nikamwambia, babu, kinazungumzia Kilwa na vita ya Mjerumani. Akatikisa kichwa kwa heshima. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Na sisi wa bondeni tumo?" Nikapekua kichwani mwangu vitabu vyote ninavyovijua. Nikamjibu, babu, mmo kidogo. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile neno "kidogo" ndilo limenifanya niandike haya yote.

Tuendelee. Mwaka 1914 vita kuu inaanza, na hapo ndipo Wazungu wanagundua kwamba delta ya Rufiji ni hadithi tamu. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilizamisha meli ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, halafu ikakimbilia kujificha kwenye mikoko ya delta. Waingereza waliitafuta, wakaizibia mlango, wakaleta ndege, na mwishowe meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliipiga mpaka Wajerumani wenyewe wakaizamisha tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ikatolewa na kuzungushwa nchi nzima kupigania vita iliyobaki. Mmoja uko Mombasa, mwingine Pretoria.

Kutokana na kisa hicho Wilbur Smith aliandika Shout at the Devil mwaka 1968. Meli akaibadilisha jina ikawa Blücher, na mwaka 1976 ikatoka sinema, Lee Marvin na Roger Moore wakiwa ndani. Je, nakushauri uisome? Ndiyo, soma. Kwanza inakimbia kama basi la usiku, hutaiweka chini. Pili, itakufundisha namna riwaya inavyoweza kukaa ndani ya nchi ya watu bila kuwaona wenye nchi. Mwindaji haramu wa pembe za ndovu ana kiu, ana hasira, ana binti, ana utani. Mwingereza wake ana mapenzi na huzuni. Waafrika wamo, hata wenye majina wamo, lakini kazi yao kubwa ni kubeba, kufuata, kukimbia na kufa pembeni ya ukurasa.

Sasa linganisha na tukio lenyewe. Boila za Königsberg zilipoharibika, vipuri vyake vilivutwa nchi kavu hadi Dar kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Vilivutwa na nani? Kwa mikono ya nani? Watu walewale ambao mababu zao walikata boriti za mikoko zikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Watu walewale ambao miaka tisa tu nyuma walikuwa wamechomewa chakula kwa kosa la kukataa pamba. Jina la nahodha wa meli tunalo, Max Looff. Majina ya waliovuta boila hatuna. Pale ndipo penye riwaya, ndugu zangu, si kwenye mzinga.

Dawa ya Wilbur Smith ni Gurnah tena. Afterlives, ya mwaka 2020, inachukua vita hiyohiyo na kuigeuza. Wajerumani wako pembeni, katikati wako watu wetu: Khalifa karani, Ilyas aliyechukuliwa na askari akiwa mtoto na kusomeshwa na Wajerumani mpaka akawapenda, Afiya dada yake, na Hamza aliyejiandikisha uaskari mwenyewe. Majimaji inatajwa mapema kabisa humo ndani, kama jeraha ambalo bado bichi. Kuna mahali Afiya anapigwa na kuvunjwa mkono kwa kosa moja: ameonekana anajua kuandika. Nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza. Sijui wewe mwenzangu, lakini mimi nilisomeshwa, dada zangu walisomeshwa, na kuandika ndiyo ugali wangu. Kurasa zile zilinikumbusha kwamba kalamu imewahi kuwa kitu cha kuvunjiwa mkono.

Gurnah anauliza pia swali la askari. Tumezoea kuwaita vibaraka na kumaliza hapo. Yeye anawafuata mpaka nyumbani, anataka kujua walilala vipi usiku. Kama una babu au babu mkuu aliyepigana "vita ya Mjerumani", soma kitabu hiki kabla hujamhukumu.

Sasa nafika kwenye ile sura nzito. Mwaka 1968 Rufiji ilifurika sana. Wakazi wa bonde walikuwa na maisha yao na mto: unafurika, unaacha tope lenye rutuba, mpunga unakubali, na maji yakishapungua wanapanda mahindi kwenye unyevu uliobaki. Walijenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakalala humo kulinda mazao. Kwao mafuriko yalikuwa hatari, na yalikuwa mbolea pia. Serikali iliona hatari. Ilikuwa mwaka mmoja na ushee tangu Azimio la Arusha la Februari 1967, na Mwalimu alikuwa ameshaandika juu ya ujamaa vijijini. Basi mwaka 1969 wakazi wa bonde wakahamishiwa maeneo ya juu, kwenye vijiji vilivyopangwa. Hiyo ndiyo Operesheni Rufiji. Operesheni Dodoma, Operesheni Kigoma na ile kubwa ya nchi nzima iliyoanza mwishoni mwa 1973, zote zilikuja baada yake. Rufiji walitangulia.

Nisieleweke vibaya. Mtu anayesema operesheni ile ilikuwa ubaya mtupu hajakaa na mama aliyejifungulia juu ya dungu maji yakiwa chini yake. Kule juu palijengwa shule na zahanati, na barabara ilikuwa karibu. Lakini anayesema ilikuwa neema tupu hajazungumza na mkulima ambaye shamba lake la rutuba lilibaki mbali bondeni, na kila usiku asipolala huko nguruwe na viboko wanamvunia. Wengi wakawa wanaishi maisha mawili, nyumba juu, shamba chini, familia inagawanyika kila msimu. Na hoja haijaisha. Aprili 2024 mto ulifurika tena vibaya Rufiji na Kibiti, miezi miwili tu baada ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha umeme, na kauli ikawa ileile ya 1969: tokeni bondeni, hamieni juu. Maswali yakawa yaleyale pia.

Riwaya iliyo karibu zaidi na jambo hili kwenye rafu yangu ni Gamba la Nyoka ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1979. Kezilahabi, aliyefariki Januari 2020, alikuwa mtu wa Ukerewe, ziwani, mbali kabisa na Rufiji. Anaeleza vijiji vya Kisole na Bucho, ambako watu wanatakiwa kuhama waingie ujamaa. Wako wanaokataa kata kata. Wako vijana wasomi wanaokuja na maneno makubwa ya chuo. Hakuna anayetoka msafi. Wanakijiji wana ujinga wao na hekima yao, wasomi wana imani yao na unafiki wao. Jina lenyewe lina sumu: nyoka akivua gamba, amekuwa kiumbe kipya au ni nyoka yuleyule aliyeng'aa? Kama unaanza na kitabu kimoja tu kati ya vyote nilivyotaja, anza na hiki. Ni kifupi, Kiswahili chake hakina madoido, na kitakusumbua wiki nzima.

Lakini mkazi wa bonde la Rufiji akisoma Gamba la Nyoka anasoma ya jirani. Analia msiba wa jirani kwa sababu wa kwake haujatangazwa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwaka huohuo wa 1968, wakati Rufiji inafurika, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wanaanza mradi wa kwenda vijijini na madaftari kuwauliza wazee habari za Majimaji. Gilbert Gwassa alikuwa amekwisha kutembea Umatumbi na kwingineko kwa kazi hiyohiyo, na mwaka huo yeye na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za wazee hao. Kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Waliwahi kwa nywele moja! Wangechelewa miaka kumi, sauti nyingi zingekuwa kaburini, na leo tungemjua Bokero kwa ripoti za waliomnyonga.

Fanya hesabu sasa. Tangu 1969 imepita zaidi ya miaka 55. Aliyekuwa kijana wa miaka 20, mwenye nguvu za kubeba mlango wa nyumba yake kichwani kwenda kijiji kipya, sasa amevuka 75. Tuko kwenye dirisha lilelile ambalo Gwassa na wanafunzi wale walikuwa nalo, na linafungwa. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na daftari na penseli. Sisi tuna simu zinazorekodi saa nzima, na tunazitumia kupiga picha chipsi.

Msinijibu kwamba hiyo ni kazi ya wanahistoria. Wanahistoria wamefanya yao. Zipo tasnifu na taarifa za Rufiji, nyingi kwa Kiingereza, zenye majedwali ya ekari na magunia. Jedwali halikuambii mtu alisema nini aliposhuka dungu mara ya mwisho. Hiyo ni kazi ya riwaya. Gurnah hakuwa vitani, Vassanji hakuwepo 1905. Walisikiliza, wakasoma, wakakaa chini. Kizazi chetu kinajua kuandika kwa ufasaha juu ya mapenzi ya Sinza na Kinondoni, na mimi napenda hadithi hizo, lakini miongoni mwetu wako watoto wa Ikwiriri, Utete, Muhoro, Mbwera na Nyamwage wenye digrii mkononi na bibi aliye hai kijijini.

Haya, nifupishe ushauri kwa wenye haraka. Ukiwa na wiki moja, Gamba la Nyoka. Ukiwa na mwezi, ongeza Peponi na Afterlives, kwa utaratibu huo. Ukisafiri kwenda Kilwa, The Magic of Saida iwe mkobani, siyo kwenye begi la buti. Shout at the Devil isome mwisho, ukiwa umeshajua nani hayumo. Peponi tafuta kwenye maduka ya vitabu mjini. Vya Kiingereza na matoleo ya zamani ya Kezilahabi jaribu wauza vitabu wa kando ya barabara pale Posta, lakini nenda na subira, na usioneshe kwamba unakitaka sana, bei itapanda mbele ya macho yako.

Na kama kwenu ni bondeni, likizo ijayo usiende na vitabu peke yake. Nenda na daftari. Muulize bibi dungu lao lilikuwa na nguzo ngapi, na mwaka ule wa kuhama walibeba nini kwanza. Andika kama anavyosema yeye, kwa lafudhi yake, usimsahihishe. Kisha nitafute. Nitakuwa msomaji wako wa kwanza.

Alamsiki.